Saa tatu zilizopotea: kompyuta ya Koboko iliyotaka kuvunja mali kauli

Na Mwandishi Wetu, Koboko

ANKARA ilikuwa safi. Jina la mnunuzi lilikuwa sawa, idadi ya magunia sawa, bei sawa, na muhuri wa duka umepigwa. Kosa lilikuwa juu kabisa pembeni, mahali ambapo wengi hatutazami: saa. Karatasi ilisema imechapwa saa 06:20.

Siku ile mnunuzi wa ng'ambo, upande wa Kaya nchini Sudan Kusini, alikuwa amechukua unga wa mahindi mara mbili. Mzigo wa kwanza, magunia 20, ulitoka alfajiri na ukalipwa taslimu. Risiti yake iliandikwa kwa mkono kwa kuwa kompyuta ya duka ilikuwa bado haijawashwa. Mzigo wa pili, magunia 20 vilevile, aliuagiza kwa ujumbe wa simu na kuuchukua kwa mali kauli, alipe mwisho wa wiki. Ankara iliyochapwa ilikuwa ya mzigo huu wa pili.

Mwisho wa wiki ulipofika, mnunuzi alisoma ankara, akafungua ujumbe wake mwenyewe, akaona aliutuma saa 08:15. Akauliza swali ambalo yeyote angeuliza: ankara ya saa 06:20 inawezaje kuwa ya mzigo ulioagizwa saa 08:15? Kwake jibu lilikuwa moja. Karatasi ile ni ya mzigo wa alfajiri, ambao amekwisha kuulipa, na mama mwenye duka anataka alipwe mara mbili.

Nilikuwa dukani hapo kuchapa barua. Mama alinisogezea karatasi mezani.

"Mwanangu, wewe umesoma. Nitazamie hii. Mimi sijamwibia mtu."

"Mama, kompyuta yenyewe inasema saa ngapi sasa hivi?"

Tuligeuka wote kuitazama. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro, yaani 10:50 asubuhi. Kompyuta ilionyesha 07:50. Ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili, bila kupungua wala kuzidi dakika moja. Kijana anayehudumia kaunta alicheka kwa aibu. Alisema amekuwa akiirekebisha karibu kila asubuhi, na kesho yake inarudi palepale, hata akachoka.

Tulipiga hesabu nyuma ya karatasi. Ankara ya 06:20, ukiongeza saa tatu zilizopotea, ilichapwa 09:20 kwa saa za Uganda. Ujumbe wa 08:15 ulikuwa kwenye simu inayofuata saa za Juba, ambazo ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Kwa hiyo hapa Koboko ilikuwa 09:15. Simu ya mama nayo ilithibitisha: ujumbe uliingia 09:15. Ankara ilichapwa dakika tano baada ya agizo, kama inavyotakiwa.

Mama alipiga picha ya skrini ya kompyuta ikiwa imewekwa kando ya saa ya ukutani, akaituma Kaya pamoja na hesabu ile. Siku iliyofuata fedha zililetwa na dereva. Lakini si kila mnunuzi angesubiri maelezo, na si kila duka lina saa ukutani.

Mipaka mitatu, saa mbili

Wilaya ya Koboko iko pale Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo zinapokutana, mahali panapoitwa Salia Musala. Barabara ya lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba imeunganisha pande zote. Kwa Vurra, kusini mwa Arua, unaingia Aru katika mkoa wa Ituri. Kwa Oraba unaingia Kaya, kisha Yei na Juba. Mfanyabiashara anaweza kunywa chai nchi moja, kununua mzigo nchi ya pili na kuuza ya tatu kabla jua halijazama.

Nchi zote tatu sasa zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016 na Congo mwaka 2022. Ila saa zao hazijaungana. Uganda hufuata Saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya saa ya kimataifa, UTC, kwa saa tatu. Congo ina majira mawili: Kinshasa na magharibi wako mbele ya UTC kwa saa moja, na mashariki, ikiwemo Ituri, kwa saa mbili. Sudan Kusini ilikuwa sawa na Uganda hadi tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Tangu usiku huo, anayevuka Oraba kwenda Kaya huvuka pia saa moja, kama ilivyo kwa anayevuka Vurra kwenda Aru.

Kwa hesabu ya jua, Juba ina hoja. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa moja. Mji ulio kwenye nyuzi 30 mashariki kwa haki unastahili kuwa mbele ya UTC kwa saa mbili, na Arua, Koboko na Juba zote ziko karibu na nyuzi 31. Saa za Afrika Mashariki zinalingana na nyuzi 45, ambazo kwa jirani zetu hupita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana Arua jua hufika utosini karibu saa saba mchana, si saa sita. Serikali huchagua saa kwa sababu nyingi zaidi ya jua, na Uganda imeona heri kuwa pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa mpakani anachohitaji ni kujua kwamba tofauti ya saa moja kati ya karatasi yake na ya mwenzake si kosa la mtu. Ni mpaka.

Saa tatu za kompyuta ya mama, hata hivyo, hazikutokana na mpaka wowote. Hakuna jirani wa Uganda anayepishana naye kwa saa tatu. Zilitoka ndani ya kompyuta.

Mifumo miwili, saa moja

Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa Arua na Koboko huja na Windows. Vijana wengi huongeza mfumo endeshi wa pili, Linux, mara nyingi aina ya Ubuntu, kwa kuwa ni wa bure, hausumbuliwi sana na virusi na hufanya kazi hata kwenye mashine ya zamani. Mtu akiwasha kompyuta huulizwa anataka mfumo upi. Katika duka la mama, Windows ilitumika mchana kwa sababu ndiyo yenye programu ya hesabu. Jioni, kijana wa kaunta alifungua Linux kwa masomo yake, akiunganisha intaneti ya simu.

Mifumo ni miwili lakini saa ya mashine ni moja. Ndani ya kila kompyuta kuna saa ndogo inayoendeshwa na betri ya mviringo yenye ukubwa wa sarafu. Hii huendelea kuhesabu hata umeme ukikatika wiki nzima. Kompyuta ikiwashwa, mfumo endeshi huisoma saa hiyo kwanza.

Tatizo ni kwamba Windows na Linux hawakubaliani kuhusu maana ya kile wanachokisoma. Windows huchukulia kwamba saa ya betri ni saa ya mahali ulipo. Ikiona 09:00, inasema ni 09:00 hapa Koboko. Linux kwa kawaida huchukulia kwamba saa hiyo ni UTC. Ikiona 09:00, inaongeza saa tatu za Uganda na kusema ni 12:00.

Hakuna kati yao aliyekosea, ila kila mmoja ana historia yake. Windows imerithi desturi ya mwaka 1984, kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta ya PC AT yenye saa ya betri ndani. Mfumo wa DOS wa wakati huo haukujua habari za majira ya nchi mbalimbali. Uliamini saa iliyowekwa na mwenye mashine, basi. Linux ilifuata desturi ya Unix, mfumo wa mashine kubwa zilizotumiwa na watu wengi kutoka sehemu tofauti, ambako ilikuwa busara kuweka saa moja ya dunia na kumwonyesha kila mtu saa ya kwao.

Sasa fuata siku moja ya duka. Jioni kijana anafungua Linux na kuunganisha intaneti. Linux inauliza saa sahihi mtandaoni, kisha inaiandika kwenye saa ya betri, kazi inayorudiwa kila baada ya dakika 11 hivi. Inaiandika kwa UTC, yaani saa tatu nyuma ya Koboko. Asubuhi Windows inafunguliwa bila intaneti. Inasoma UTC, inaidhani ni saa ya Koboko, na duka linaanza siku likiwa nyuma kwa saa tatu. Kijana anarekebisha kwa mkono, Windows inaandika saa ya Koboko kwenye betri, na mchana unapita vizuri. Jioni Linux inaisoma saa ile, inaongeza tatu, inajikuta mbele. Ikipata intaneti inajirekebisha, na kuandika UTC tena. Kesho asubuhi tunaanza upya. Hata akirekebisha mara mia, mfumo mmoja utakuwa ukifuta kazi ya mwingine.

Hasara haiishii kwenye saa. Ukifungua Linux saa nne usiku bila intaneti, kompyuta inaweza kusema ni saa saba usiku, na hati unayoihifadhi itakuwa na tarehe ya kesho. Ukifanya kazi saa nane usiku kwenye Windows iliyo nyuma, hati itakuwa na tarehe ya jana. Kwa anayefunga hesabu mwisho wa mwezi, au anayelinganisha daftari lake na taarifa ya fedha za simu, siku moja ni kubwa.

Jua ugonjwa kabla ya dawa

Kabla ya kumwita fundi, tazama saa yako imekosea kwa kiasi gani. Kiasi chenyewe hutaja ugonjwa.

Ikiwa imekosea kwa saa tatu kamili, mbele au nyuma, na kompyuta ina mifumo miwili, basi ni ugomvi wa Windows na Linux tuliouelezea.

Ikiwa imekosea kwa saa moja kamili, tazama majira yaliyochaguliwa. Kompyuta iliyonunuliwa Juba au Aru na kuletwa Arua huenda bado inafuata saa za huko. Kwenye Windows, Uganda iko chini ya jina la Nairobi, na Sudan Kusini ina jina lake, Juba. Kwenye Linux chagua Africa/Kampala, Africa/Juba, au Africa/Lubumbashi kwa mashariki ya Congo. Badilisha majira tu, usiguse saa yenyewe.

Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, betri imekufa. Katika kompyuta nyingi za mezani ni aina ya CR2032, ya volti 3, na fundi huibadilisha kwa dakika chache. Kompyuta ya namna hii itakataa pia kufungua tovuti nyingi, ikidai si salama. Sababu ni kwamba vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine inayodhani iko miaka kumi nyuma huona vyeti vyote bado havijaanza. Watu wamewahi kulaumu mtandao na hata tovuti za kodi, kumbe ni betri.

Ikiwa simu ndiyo inayorukaruka saa moja, kosa ni la mnara. Simu nyingi huchukua saa kutoka mtandao wa simu, na karibu na mpaka hunasa mnara wa nchi ya pili. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima uchaguzi wa majira wa moja kwa moja, kisha uchague mwenyewe nchi unayotaka kuifuata.

Dawa ni mbili, meza moja tu

Kwa ugonjwa wa mifumo miwili, dawa ni kuifanya mifumo yote isome saa ya betri kwa namna moja. Njia ni mbili. Chagua moja, kwa sababu ukitumia zote mbili utakuwa umebadilishana tu, Windows isome UTC na Linux isome saa ya mahali, na ugomvi ubaki.

Njia ya kwanza ni kuifundisha Linux desturi ya Windows. Fungua Linux, unganisha intaneti, hakikisha saa inayoonekana ni sahihi na majira ni Africa/Kampala. Kisha fungua dirisha la kuandikia amri na uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Mfumo utaomba neno la siri. Ukimaliza, andika timedatectl peke yake uone hali ilivyo. Linux itakupa onyo kwamba utaratibu huu unaweza kuleta matatizo majira yakibadilika. Ukitaka kurudi ulikotoka, andika amri ileile ukiweka 0 badala ya 1.

Njia ya pili ni kuifundisha Windows desturi ya Linux. Hii inagusa rejista ya Windows, mahali ambapo kosa dogo linaweza kuharibu mambo mengine, kwa hiyo hifadhi kwanza hati zako pembeni, na kama huna uzoefu kaa na fundi. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike kwa mstari mmoja:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f

Zima kompyuta na uiwashe tena kwenye Windows. Huenda mara hii saa ikawa mbele kwa saa tatu, usishtuke. Unganisha intaneti, nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, bonyeza Sync now. Kuanzia hapo Windows itaandika UTC kwenye betri na kukuonyesha saa ya Koboko.

Ipi ni bora? Inategemea kama kompyuta inavuka mpaka.

Kwa kompyuta ya dukani isiyotoka kaunta, njia ya kwanza inatosha na ni rahisi. Huko Ulaya na Marekani mafundi huikwepa kwa sababu saa zao husogezwa mbele na nyuma kila mwaka, majira ya joto na ya baridi, na mifumo miwili inaweza kusogeza saa ileile mara mbili. Uganda haina desturi hiyo, wala Congo, wala Sudan Kusini ya leo.

Kwa kompyuta ya mkononi inayokwenda Aru Jumatatu na Kaya Alhamisi, njia ya pili ndiyo salama. Mmiliki akibadilisha majira kutoka Kampala kwenda Juba, saa ya betri haiguswi kamwe. Inabaki UTC, na kila mfumo unajumlisha tofauti yake: tatu ukiwa Koboko, mbili ukiwa Kaya. Ukitumia njia ya kwanza, kila kuvuka mpaka kutaandika saa mpya kwenye betri, na mfumo wa pili ambao hukuuambia habari za safari utakosea kwa saa moja.

Andika saa na mahali

Kurekebisha kompyuta kunaondoa kosa la mashine. Tofauti ya mipaka itabaki, na dawa yake ni kalamu. Kwenye ankara na ujumbe wa kuagiza mali, andika saa pamoja na mahali: 09:20 Koboko, 08:15 Kaya. Maneno mawili tu, lakini mtu wa tatu akiitwa kusuluhisha hatahitaji kukisia.

Na usiandike "saa tatu" peke yake. Kwetu tunaohesabu kwa Kiswahili, saa tatu asubuhi ni 09:00. Kwa mwenzako anayehesabu kwa Kifaransa au Kiingereza, tatu ni 03:00 usiku au 15:00 mchana. Katika mazungumzo mtaelewana, lakini karatasi haiwezi kuulizwa ilikuwa na maana gani. Tumia tarakimu nne za saa 24.

Jambo la mwisho ni la kaunta zenyewe. Kabla ya kuchapa ankara ya kwanza ya siku, linganisha kompyuta na simu. Ni kazi ya sekunde tano. Uganda imekuwa ikidai ankara za kielektroniki kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani tangu Januari 2021, na kadiri karatasi zetu zinavyohamia kwenye mashine, ndivyo mashine inavyokuwa shahidi. Shahidi anayetaja saa isiyo kweli huharibu hata maneno yake mengine yaliyo ya kweli.

Pale dukani, tulichagua njia ya kwanza kwa kuwa kompyuta haitoki kaunta. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchapa barua yangu. Kijana alizima, akawasha Windows, akaiacha bila intaneti, na sote tukatazama ukutani. Zilikuwa sawa.

Mama hakuridhika. Alimwagiza alete saa ya pili ya ukutani kutoka sokoni, aitundike kando ya ile ya kwanza, irudishwe nyuma kwa saa moja na iandikwe chini yake kwa kalamu ya wino mzito: Kaya. Kisha akamkabidhi mnunuzi wake wa Kaya, kupitia kwa dereva yuleyule, orodha mpya ya bei. Magunia 20, mali kauli, kama zamani.